Barry Goldwater: yanayosemwa na yaliyotokea

Likitajwa jina la Barry Goldwater, seneta wa Arizona aliyegombea urais wa Marekani mwaka 1964 kwa chama cha Republican, watu hugawanyika. Wako wanaomkumbuka kama mbaguzi aliyekuwa tayari kuiteketeza dunia kwa nyuklia. Wako wanaomwita baba wa wahafidhina wote wa leo, hata wale wanaopanda jukwaani na Biblia mkononi. Kura zake zimeandikwa, na alichotenda kinajulikana. Kwa maoni yangu ahukumiwe kwa hayo, yanayomsafisha na yanayomchafua.

"Alipinga haki za Weusi kwa sababu aliwachukia"

Hili ndilo zito kuliko yote. Tarehe 19 Juni 1964 Seneti ilipitisha Sheria ya Haki za Kiraia kwa kura 73 dhidi ya 27. Goldwater alikuwa miongoni mwa hao 27. Warepublican waliopinga walikuwa sita tu. Waliobaki ni Wademokrati, karibu wote wa majimbo ya Kusini.

Lakini mtu huyohuyo alikuwa ameipigia kura ya ndiyo sheria ya haki za kiraia ya 1957, na pia Marekebisho ya 24 ya Katiba, yaliyofuta kodi ya kichwa iliyotumika kuwazuia maskini, hasa Weusi, wasipige kura katika uchaguzi wa shirikisho. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alisaidia kuunda kikosi cha akiba cha anga cha Arizona, akahakikisha Weusi na Weupe wanatumikia pamoja, kabla Rais Truman hajatoa amri yake ya 1948 kwa jeshi zima.

Kwa nini basi alikataa mwaka 1964? Alipinga sehemu mbili za mswada: ile iliyozilazimisha hoteli na mikahawa kumhudumia kila mtu, na ile iliyokataza ubaguzi katika ajira za watu binafsi. Alishikilia kwamba Katiba haiipi serikali kuu mamlaka hayo. Wanasheria William Rehnquist na Robert Bork walimshauri hivyo.

Hapa huzaliwa dhana ya pili, nayo ni potofu kama ya kwanza: kwamba kwa kuwa nia yake haikuwa chuki, kura ile haina doa. Martin Luther King alisema wakati uleule kuwa Goldwater mwenyewe si mbaguzi, ila falsafa yake inawapa wabaguzi nguvu na faraja. Sijasoma hukumu ya haki zaidi ya hiyo. Mtu aliyefukuzwa mgahawani kwa rangi yake hakusaidiwa chochote na usafi wa moyo wa seneta. Na wapiga kura wa Kusini walimwelewa walivyotaka. Novemba ile Goldwater alishinda majimbo sita: Arizona kwao, pamoja na Mississippi, Alabama, Georgia, Louisiana na South Carolina. Mississippi ilimpa asilimia 87, katika jimbo ambalo Weusi wengi mno walikuwa wamezuiwa hata kujiandikisha. Georgia ilikuwa haijawahi kumpa mgombea urais wa Republican ushindi tangu chama kianzishwe.

"Tangazo la yule mtoto wa maua lilimtaja kwa jina, tena kila siku"

Tangazo la kampeni ya mpinzani wake, Rais Lyndon Johnson wa Democratic, la msichana mdogo anayehesabu petali za ua kabla ya bomu kulipuka, lililipiwa kuonyeshwa mara moja tu, tarehe 7 Septemba 1964. Jina la Goldwater halimo. Vituo vya habari ndivyo vilivyolirudia.

Silaha za kumshambulia alizitoa mwenyewe. Mei mwaka ule, akihojiwa kwenye televisheni, alizungumzia uwezekano wa kutumia nyuklia ndogo kuondoa majani ya misitu iliyoficha njia za adui Vietnam, ingawa aliongeza kwamba hadhani jambo hilo lingefanywa. Alitaka pia kamanda wa NATO aweze kutumia silaha ndogo za nyuklia bila kusubiri rais. Wapiga kura walitishika, na walikuwa na haki. Ambacho hawakuambiwa ni kwamba Rais Eisenhower alikuwa tayari amewapa baadhi ya makamanda ruhusa ya siri ya namna hiyo kwa hali za dharura. Na Johnson, aliyechaguliwa kama mtu wa amani, alianza kupeleka vikosi vya mapigano Vietnam Machi 1965.

"Aliposhindwa, alitoweka"

Alishindwa vibaya kweli, kura 52 za wajumbe wanaomchagua rais kwa 486, na kiti cha useneta pia akawa amekiacha. Lakini alirudi Seneti mwaka 1969 akakaa hadi 1987, aliporithiwa na John McCain.

"Alimwamuru Nixon ajiuzulu"

Tarehe 7 Agosti 1974, Rais Richard Nixon akikabiliwa na kuondolewa madarakani kwa kashfa ya Watergate, Goldwater alikwenda Ikulu pamoja na Hugh Scott na John Rhodes, viongozi wa Republican bungeni. Hawakumwamuru Nixon kitu. Walimpa hesabu. Rais alihitaji maseneta 34 ili asiondolewe. Goldwater alimweleza kwamba anaowaona hawafiki hata 20. Kesho yake jioni Nixon alilitangazia taifa kwamba anajiuzulu.

"Alikuwa mwanasiasa wa makanisa"

Hapana, hata kidogo. Mwaka 1981 Ronald Reagan alimteua Sandra Day O'Connor wa Arizona kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, mhubiri Jerry Falwell akaonyesha wasiwasi. Goldwater alijibu kwa lugha ya matusi kwamba Mkristo mwema anapaswa kumpiga Falwell teke. Mkewe Peggy alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa huduma za uzazi wa mpango Phoenix miaka ya 1930. Mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 84, alitetea hadharani haki ya mashoga kutumikia jeshini. Kwake serikali isiyotakiwa kuingia dukani haikutakiwa kuingia chumbani pia.

"Hakuacha sheria yoyote ya maana"

Aliacha moja kubwa, na wengi huipita bila kuisoma. Mwaka 1986, akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Seneti ya Majeshi, aliongoza mageuzi yanayobeba jina lake na la mbunge Mdemokrati Bill Nichols wa Alabama. Kabla ya hapo kila jeshi, la nchi kavu, la maji na la anga, lilivutia upande wake. Sheria hiyo ilifanya amri itoke kwa rais, ipitie kwa waziri wa ulinzi, ifike moja kwa moja kwa kamanda wa kanda, mwenye mamlaka juu ya vikosi vyote vilivyo chini yake. Askari wa Marekani walioko Manda Bay, Lamu, wako chini ya Kamandi ya Afrika, nayo hupokea amri kwa utaratibu huohuo wa 1986.