Saundi efekti za bure: soma leseni kwanza ndo udownload

Saundi efekti ni ile milio unayoweka kwenye video au tangazo la redio, mlango unabamizwa, radi, jogoo anawika. Sasa vijana wengi hapa Mbeya wanaoedit vichekesho na matangazo ya maduka ya Mwanjelwa wanaingia Google wanatafuta sauti ya radi, wanabeba ya kwanza kutokea, imeisha hiyo. Shida ni kwamba kuipata bila kulipa haimaanishi umeruhusiwa kuitumia, ruhusa anatoa mwenye sauti na ameiandika kwenye leseni, iko hapo hapo pembeni ila nani anasoma.

Chukua Freesound, tovuti ya kupakia na kudownload sauti, ilianzishwa 2005 na watu wa Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra kule Barcelona. Pale kudownload ni bure ukishajisajili, lakini hakuna leseni moja ya tovuti nzima, kila sauti ina ya kwake, zote ni za Creative Commons, yaani leseni zilizoandaliwa tayari ambazo mwenye kazi anachagua ipi ampe mtumiaji. Ukikuta CC0 mwenyewe ameachia kila kitu, weka hata kwenye tangazo na usimtaje mtu. CC BY unaruhusiwa hata kwenye biashara ila lazima umtaje. CC BY-NC ndo inanasa wengi, hiyo NC ni kwamba biashara hapana, na tangazo la duka la vitenge ulilolipwa ni biashara hata kama mwenye duka ni shangazi yako.

Kumtaja nako sio kuandika "asante Freesound" halafu basi. Kwenye maelezo ya video unaweka jina la sauti, jina la aliyeipakia, leseni yake na linki, mstari mmoja tu unatosha. Mi nashauri upige na skrinishoti ya ukurasa siku unayodownload, siku ukiulizwa unayo ya kuonyesha.

BBC nao wameweka milio zaidi ya 33,000, mitamu kweli, ila bure yao ni ya matumizi binafsi, masomo na utafiti, ukitaka ya kibiashara unanunua leseni. Kama ni video ya YouTube rahisi zaidi ni maktaba ya sauti iliyomo kwenye YouTube Studio, saundi efekti zipo na unaruhusiwa kuingiza hela. Na usiseme haya ni mambo ya Ulaya, Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999 na COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, wapo.

Au rekodi mwenyewe. Mvua ya kwenye bati unaitafutia nini mtandaoni wakati Tukuyu ipo, shika simu, zima feni, kaa kimya dakika mbili umemaliza, ya kwako hiyo. Sokoni au stendi ndo uwe makini, maana spika ya duka la jirani inapiga bongo fleva na ule wimbo una mwenyewe, mfumo wa YouTube wa kunasa nyimbo unaweza kuudaka hata ukisikika kwa mbali nyuma ya kelele za makonda, kwa hiyo wahi alfajiri kabla hawajawasha muziki, japo kwa baridi ya Mbeya ya Juni najua naongea tu.