Fyuzi: maana yake na aina zake

Fyuzi ni kipande cha waya mwembamba kinachowekwa kwa makusudi kwenye njia ya stima, ili mkondo ukizidi kiyeyuke chenyewe kabla waya wa ukutani haujashika moto. Basi kinacholindwa hasa ni waya. Watu wengi huamini kwamba fyuzi inamkinga mtu asipigwe na shoti, na imani hiyo ni ya hatari. Sehemu ndogo sana ya ampea moja yatosha kuua, ilhali fyuzi ya ampea 13 haitashtuka. Kinga ya mtu ni ile swichi inayokata mkondo unapovuja, nayo kwa kawaida huwekwa miliampea 30.

Tunayoijua zaidi Mombasa ni ile ya ndani ya plagi ya miguu mitatu: ya ampea 3, 5 au 13. Ukiomba dukani bila kutaja namba, aghalabu utapewa ya 13. Kabla ya kuipokea, gawanya wati za chombo kwa volti 240. Pasi ya wati 2000 hutumia ampea 8 na kitu, kwa hiyo 13 ni sawa. Feni ya wati 60 haifiki hata nusu ampea. Iwekee ya 3. Ukiitia 13, waya wake mwembamba unaweza kuungua fyuzi ikiwa nzima. Na wale wanaoizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, nawasihi waache. Hiyo si fyuzi tena, na nyumba zetu zimebanana.

Nyumba za zamani bado zinaweza kuwa na fyuzi za kauri, ambazo fundi hukaza waya mpya kila ukikatika. Kwenye magari ni za plastiki na rangi ndiyo namba: nyekundu 10, buluu 15, manjano 20, kijani 30. Viwandani hutumika zilizojazwa mchanga, kwa sababu mchanga huzima cheche kubwa inayotokea waya unapokatika. Za kioo, za redio na chaja, zikiandikwa F hukatika upesi. T huvumilia kidogo, zinafaa panapo mota. Ile ya ndani ya jiko la wali hukatwa na joto lenyewe, wala haitengenezeki: hubadilishwa.

Fyuzi ikikatika mara kwa mara na hesabu yako ni sahihi, fungua plagi uangalie vishikizo vyake, baada ya kuichomoa. Hewa yetu ya chumvi huvila vikaota kutu ya kijani. Mgusano ukilegea, joto huzidi na fyuzi huenda bure. Plastiki ikiwa imegeuka kahawia, nunua plagi mpya.