Je, wajua kwa nini zawadi inaweza kumpunguzia mtoto hamu ya kusoma?

Mwaka wa masomo nchini Uingereza kwa kawaida una mihula mitatu, na wa mwisho, yaani muhula wa kiangazi, huanza baada ya Pasaka na kwisha Julai. Wazazi wengi wanaosimamia kazi za shule nyumbani huuona mrefu. Mwezi Juni jua la London huzama baada ya saa tatu usiku, wenzake mtoto wako nje, na wanafunzi wa England wanaomaliza shule ya msingi hufanya mitihani yao ya taifa Mei, kisha hubakiwa na wiki kadhaa za kwenda darasani. Usingizi nao huchelewa, kwa kuwa mwanga wa jioni huzuia mwili kutoa homoni ya kuleta usingizi, na watoto huathiriwa na mwanga huo zaidi kuliko watu wazima. Kwa hiyo hamu ya vitabu kushuka si fumbo.

Fumbo liko kwenye dawa. Dawa ambayo karibu kila nyumba inaijua ni mapatano: maliza hesabu ndipo utoke, soma kitabu hiki chote nitakupa kitu. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na kwa haraka inaonekana ni hesabu ya kujumlisha tu. Mtoto ana hamu yake kidogo, mzazi anaongezea zawadi juu yake, jumla inapanda. Na jioni ile kweli inapanda, kurasa zinajazwa, ndiyo maana imani hii haifi. Kisichopimwa ni kile kinachosalia siku zawadi inapoondolewa.

Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walikipima. Walikwenda Bing Nursery School, chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, wakaanza kwa kuangalia ni watoto gani hupenda kuchora kwa kalamu za rangi bila kuambiwa na mtu. Hao ndio waliochaguliwa. Kisha kila mtoto akaitwa peke yake kuchora. Kundi la kwanza liliahidiwa mapema kwamba atakayechora atapata cheti chenye muhuri wa dhahabu na utepe. Kundi la pili halikuambiwa lolote, lakini lilipomaliza likapewa cheti kilekile kwa kushtukizwa. Kundi la tatu lilichora na kuondoka mikono mitupu.

Wiki moja hadi mbili baadaye kalamu zilirudishwa darasani wakati wa michezo huru, na watafiti wakatazama watoto kwa siri. Kundi lililoahidiwa cheti lilitumia asilimia 8.6 ya muda wake kuchora. Kundi ambalo halikupata kitu lilitumia karibu asilimia 17, na lile lililoshtukizwa karibu asilimia 18. Watoto waliokuwa wakipenda kuchora kabla ya ahadi sasa walichora nusu ya wenzao. Hata michoro ya siku ya cheti, ilipopelekwa kwa waamuzi wasiojua ni ya kundi gani, ile ya walioahidiwa ilionekana dhaifu zaidi.

Hapo pa kutazama ni lile kundi la pili. Walipata cheti kilekile, muhuri uleule, utepe uleule, na hamu yao haikupungua hata kidogo. Wanaosimulia jaribio hili mara nyingi huliruka kundi hilo, kisha wanatangaza kwamba zawadi ni sumu. Karatasi ile haikumdhuru mtoto. Kilichodhuru ni kuijua mapema na kuifanyia kazi.

Kwa nini? Maelezo yaliyotolewa yanatokana na wazo la mwanasaikolojia mwingine, Daryl Bem, kwamba mara nyingi hatusomi mioyo yetu moja kwa moja. Tunatazama tulichofanya na mazingira tuliyokifanyia, halafu tunajihukumu kama ambavyo tungemhukumu jirani. Chukua mfano wa mgeni mezani. Mwenyeji anasogeza bakuli na kusema: ukilimaliza hili nitakupa hela. Mgeni hajaonja, lakini tayari ameshaanza kulishuku bakuli, maana nani hulipa watu wale kitu kitamu? Mwenyeji akipandisha dau, shaka nayo inapanda. Tuseme chakula kile kilikuwa kizuri na mgeni akakila chote. Akijiuliza baadaye kwa nini alikula, jibu liko mfukoni mwake: hela. Hana haja ya kutafuta sababu nyingine, na ile ya kweli, kwamba alifurahia, inabaki bila wa kuidai. Akialikwa tena na hela ikawa haipo, sababu ya kula nayo haipo. Sasa igeuze hadithi. Mgeni anakula kwa hiari yake, anainuka, na mwenyeji anampa hela mlangoni kama zawadi. Hela hiyo imechelewa. Haiwezi kurudi nyuma ikaeleza kwa nini alikula, na mgeni anaondoka akijua kwamba alikipenda chakula. Huyo ndiye mtoto wa kundi la pili.

Mfano huu una ushahidi wake pia, tena wa kulishwa kwelikweli. Mwaka 1984 Leann Birch na wenzake waliwapa watoto wadogo kinywaji wasichokizoea, kefir, maziwa yaliyochachushwa. Walioahidiwa malipo ili wakinywe waliishia kukipenda kidogo kuliko awali.

Lakini jaribio linalogusa zaidi nyumba yenye mtoto anayechungulia dirishani ni la mwaka 1982, la Lepper na wenzake. Safari hii hapakuwa na zawadi yoyote. Kulikuwa na michezo miwili tu, kuchora kwa kalamu za rangi na kuchora kwa chaki za rangi, na watoto waliipenda yote miwili. Baadhi waliambiwa: ukitaka chaki, sharti uanze na kalamu. Wengine waliambiwa kinyume chake. Siku za baadaye hamu ilishuka kwa ule mchezo uliowekwa mbele kama sharti, uwe wa kalamu au wa chaki. Watoto wengine walifanya yote mawili kwa mpangilio uleule bila kuwekewa sharti, na hao hawakupoteza chochote. Yaani neno "ndipo" lilitosha kukishusha hadhi kitu ambacho jana yake kilikuwa burudani. Sidhani kama kuna jaribio dogo kuliko hili lenye matokeo ya ajabu kiasi hiki.

Kinachofuata kwa "soma kwanza ndipo ucheze" kinaonekana wazi, ingawa hapa nakisia hatua moja mbele ya ushahidi. Ratiba inayosema kusoma ni baada ya chai na mpira ni baada ya kusoma haina shida yoyote ya mpangilio. Shida inaingia pale mpira unapogeuzwa mshahara wa kusoma, kwa sababu hakuna anayelipwa kwa starehe, na mtoto wa miaka minne tayari analifahamu hilo. Wale wa majaribio walikuwa chekechea wakichora, hawakuwa na hesabu za kujumlisha sehemu. Kuliegemeza somo lote la wazazi juu yao ni kuwabebesha watoto wadogo mzigo mkubwa.

Maana kosa la pili ni kubwa kama la kwanza: kudhani basi zawadi zipigwe marufuku. Ili hamu ipungue, lazima iwepo kwanza. Mtoto anayechukia kuandika insha hana cha kupoteza kwenye insha, na kwa kazi zisizovutia watafiti hawajaona madhara hayo. Mwaka 1994 Judy Cameron na David Pierce walijumlisha tafiti nyingi na kusema hofu hii imetiwa chumvi. Mwaka 1999 Edward Deci, Richard Koestner na Richard Ryan walijumlisha majaribio 128 na kujibu kwamba zawadi za kushikika zilizoahidiwa mapema zinadhuru kweli, kwa watoto hasa. Mabishano hayo yaliendelea kwa ukali usiotarajiwa kwa watu wanaosoma habari za hamu. Kuhusu sifa za mdomo pande hizo zilikaribiana zaidi: hazidhuru, na mara nyingi zinasaidia, mradi zimwambie mtoto nini amekifanya vizuri. Kilemba cha ukoka, au sifa yenye amri ndani yake kama "vizuri, ndivyo unavyotakiwa", ni habari tofauti.

Kisha yako majaribio ya mchumi Roland Fryer, yaliyochapishwa mwaka 2011, ambayo hayampendezi kikamilifu mtu wa upande wowote. Katika shule za New York wanafunzi walilipwa kwa matokeo ya mitihani, na Chicago kwa alama za masomo. Ufaulu haukupanda. Huko Dallas watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kujibu maswali yake, na uwezo wao wa kuelewa wanachosoma ukaongezeka. Wanafunzi wa New York walipoulizwa watafanya nini ili wapate hela zaidi, wengi walitaja mbinu za chumba cha mtihani, kama kusoma swali kwa makini, badala ya kujifunza zaidi. Hela waliitaka. Njia ya kuifikia ndiyo hawakuijua. Kusoma kitabu, kinyume chake, ni kitu ambacho mtoto anajua namna ya kukianza. Na Fryer alipopima hamu ya ndani ya wanafunzi wake, hakuona dalili ya kuporomoka.

Kama si zawadi, basi nini? Mambo mawili yana ushahidi mzuri, na la kwanza ni jepesi hadi linachekesha. Mwaka 1996 Diana Cordova na Lepper waliwapa watoto mchezo wa kompyuta wa kujifunzia hesabu. Baadhi waliruhusiwa kuchagua vitu visivyo na uhusiano wowote na hesabu, kama jina la chombo chao cha angani. Hao walipenda mchezo zaidi, wakachagua viwango vigumu zaidi na wakajifunza zaidi. Erika Patall na wenzake waliona jambo la jinsi hiyo mwaka 2010 kwa wanafunzi wa sekondari: waliochagua kati ya kazi mbili za shule za kufanyia nyumbani zilizofanana walivutiwa zaidi nazo na wakafanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa mada.

La pili ni umbali wa lengo. Mwaka 1981 Albert Bandura na Dale Schunk waliwapa watoto waliokuwa nyuma katika hesabu za kutoa kurasa 42 za mazoezi kwa vipindi 7. Walioambiwa walenge kurasa 6 kila kipindi waliwapita wale walioambiwa walenge kumaliza zote 42, na mwishoni walizifanya hesabu hizo kwa hiari zaidi. Kurasa ni zilezile.

Linabaki swali ambalo mapatano ya jioni hayaliulizi: kazi yenyewe ina faida kiasi gani? Harris Cooper na wenzake walipokusanya tafiti za Marekani mwaka 2006, waliona uhusiano kati ya kazi za nyumbani na ufaulu uko wazi kwa wanafunzi wakubwa, lakini kwa wa madarasa ya chini ni hafifu mno. Mzazi anayebishana bei ya kurasa mbili na mtoto wa miaka 7 huenda anatoa hela nzuri kwa bidhaa ambayo ubora wake bado haujathibitishwa.