Mbira kwa sikio la taarab

Sikio lililolelewa na taarab hapa Unguja, likikutana na mbira, ala ya vyuma ya Washona wa Zimbabwe, mara ya kwanza, huja na malalamiko mawili: spika imechanika, na wimbo hauna mwanzo wala mwisho.

Spika haina kosa. Mbira dzavadzimu, yaani mbira ya mizimu, ina vyuma kama 22 hadi 28 vilivyobanwa juu ya ubao, na kwenye ubao huohuo hufungwa vizibo vya soda au magamba ya konokono yatetemeke kila chuma kinapoguswa. Kisha ubao huingizwa ndani ya buyu kubwa, deze, nalo limefungwa vizibo mdomoni. Mvumo huo ni sehemu ya sauti. Fundi mitambo asiyejua hushusha sauti za juu ili "asafishe", mbira ikabaki kama kinanda cha kuchezea watoto. Wala usiipime kwa kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, au kinanda: kila mtengenezaji wa mbira ana mpango wake wa sauti, na mbira mbili nzuri kabisa zinaweza zisipatane.

La pili ndilo gumu. Sisi husubiri maneno, tujue fumbo limemwendea nani. Kwenye mbira maneno huja na kupotea, na mara nyingine mwimbaji hutoa silabi tupu akifuata vyuma. Kwa hiyo acha sauti ya mtu, tafuta hosho, yale manyanga ya kibuyu. Aliyezoea cherewa, manyanga ya kidumbak, ile ngoma ya Unguja, atayatambua upesi. Kila pigo kuu limegawika mara tatu: TA-ka-ta, TA-ka-ta. Piga kofi kwenye TA tu. Nyimbo nyingi huzunguka kwa mapigo makuu 16, vifungu vinne vya mapigo manne, kisha hurudi pale pale. Hesabu mizunguko mitano bila kujali kitu kingine.

Wengi hupotea hapa, kwa sababu kofi lao hufuata sauti nyembamba za juu. Kwa kawaida mbira huwa mbili: moja hupiga kushaura, sehemu ya kuongoza, ya pili kutsinhira, sehemu ya kufuatia, na vyuma vya huyu huangukia katikati ya vya mwenzake. Unachodhani ni wimbo mmoja wa haraka ni mikono ya watu wawili. Rudia rekodi hiyohiyo ukifuata sauti nene pekee, ambazo hutoka kidole gumba cha kushoto.

Kuitikia je? Kwetu msikilizaji huinuka na noti mkononi, akamtunza mwimbaji. Kwenye bira, mkesha wa kuwaita wazee waliotangulia, msikilizaji hutoa makofi, ngoma ya miguu na sauti yake mwenyewe. Vigelegele navyo vimo, hapo hatuhitaji somo. Kofi lako lisiizidi hosho kwa sauti. Ukipotea, nyamaza, ngoja sauti nene izunguke irudi, ndipo uingie tena.