Siku mbili ndani ya nyumba inayosubiri kubomolewa

Mlango mkuu ulikwishang'olewa nilipofika. Kilichobaki ni matundu mawili kwenye kizingiti cha juu, ambamo mbao za mlango zilikuwa zikizunguka, na mabati yaliyofungwa kwa waya. Katika nyumba zilizoachwa hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mlango ndio hutangulia kuondoka. Basi nikayapima matundu, maana hata hayo yanaeleza upana na uzito wa kilichokuwapo.

Kazi yangu ni kupima na kuchora majengo ya kale. Kibali cha kubomoa kilikuwa kimetoka, nami nikapewa siku mbili.

Watu hudhani unaingia na kupanda ngazi moja kwa moja. Usifanye hivyo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba kubwa la kale la hapahapa Mji Mkongwe, iliporomoka, watu wawili wakafa, na jengo lile lilikuwa katikati ya ukarabati, mafundi wamo ndani. Mimi huanzia nje kwa timazi, nikitafuta ukuta uliofanya tumbo. Katika nyumba hii, wiki tatu kabla ya siku zangu mbili nilikuwa nimebandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa mkubwa wa chumba kimoja, huku na huku kikashikwa kwa plasta. Nikakikuta kimekatika. Ufa bado unatembea, kwa hiyo chumba kile sikukanyaga. Nilikichora nikiwa mlangoni.

Vyumba vingine vilikuwa virefu na vyembamba, upana wa mita 2.8. Anayepita huona ni ubahili wa nafasi, kumbe kipimo kimetoka kwenye mti. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka yenye nguvu haivuki urefu huo kwa mbali. Nyingi zilikatwa delta ya Rufiji, zikapakiwa majahazini hadi hapa, na nyingine zikaenda mpaka Oman na Kuwait, ambako nyumba za zamani nazo zina vyumba vyembamba kama hivi. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, kisha chokaa na kokoto hutwangwa kwa miti siku nyingi, watu wakiimba ili mapigo yaende pamoja.

Nyumba kama hii huuawa na maji. Bati likitoboka, maji hushuka ndani ya ukuta na kutua pale kichwa cha boriti kilipoingia. Nilichoma kichwa kimoja kwa bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini. Hatua moja tu kutoka hapo, boriti hiyohiyo ililia kama kengele nilipoigonga. Imeoza pale tu ilipofichwa. Na kilichoharakisha ni saruji: miaka fulani mtu aliipaka ukuta mzima, bila shaka kwa nia njema. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa wenyewe jua likiwaka. Ukiuvisha saruji, unyevu hukosa pa kutokea. Na boriti zikiachia, kuta hazina tena kinachozishika pamoja.

Ghorofani, plasta ilikuwa imebanduka chini ya safu ya mashubaka, yaani vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, na hapo nilikaa karibu saa nzima. Kwenye chokaa ya ndani kuna mstari mwekundu, mwembamba, wa uzi uliopakwa udongo, ukavutwa na kuachiwa uchape. Juu yake kuna mstari wa pili, imepishana kwa upana wa kidole changu. Nilipima ncha zote mbili: wa chini umeinama, wa juu uko sawa kabisa, na mashubaka yamefuata wa juu. Fundi alikosea, akaona, akarudia, kisha akaifunika mistari yote miwili kwa plasta. Hilo halionekani nyumba ikiwa nzima. Ndiyo maana naomba kila mwenye kibali cha kubomoa amwite mtu wa kupima kwanza, hata kwa nusu siku.

Naomba pia wabomoe kwa mikono, kuanzia juu, boriti moja moja, zile nzima zihifadhiwe kwa ukarabati mwingine. Nyumba za hapa zinachangia kuta. Katika ukuta wa kaskazini nilihesabu vichwa 11 vya boriti za jirani, vimeingia kutoka upande wake. Ukiuvuta ukuta huo kwa mashine, unashusha dari ya mtu aliyelala.

Jirani mwenyewe alinichungulia dirishani nilipokuwa nakunja futi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huu ukuta wangu utabaki?"

Nikamwambia utabaki, nimeutia alama kwenye mchoro. Ila upande huu haujawahi kunyeshewa tangu ujengwe, kwa hiyo lazima upigwe chokaa kabla ya masika.