Je, wajua kwa nini bibi aliyeko Marekani anaweza kumlea mjukuu na bado asimweke kwenye kodi yake?

Kuanzia mwisho wa Januari hadi Aprili 15, msimu wa kujaza fomu za kodi, nyumba nyingi za Marekani huwa na mjadala mmoja: mtoto huyu safari hii anaandikwa na nani kuwa mtegemezi wake? Mjadala huo upo kwa Kiswahili pia, katika familia za Wakongo wa Louisville na Dallas, ambako bibi, binti na wajukuu hukaa nyumba moja. Pesa yenyewe si ya kubeza. Kwa mapato ya mwaka 2025, mtoto mmoja aliye chini ya miaka 17 humpunguzia aliyemwandika kodi ya hadi dola 2,200. Juu yake kuna nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini, ambayo kwa mtoto mmoja hufika dola 4,328.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili ni geni kidogo. Mfanyakazi wa Kenya hupata nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, awe na watoto sita au hana hata mmoja. Marekani kila mtoto ana thamani yake kwenye ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, ndiyo maana anagombewa.

Wengi hudhani mwenye haki ni yule anayenunua unga na viatu. Sivyo. Sheria inauliza kwanza mtoto aliishi wapi. Mjukuu awe ameishi na bibi au babu, ndani ya Marekani, zaidi ya nusu ya mwaka. Awe chini ya miaka 19, au chini ya 24 kama anasoma muda wote, na asiwe amejigharimia mwenyewe zaidi ya nusu ya matumizi yake. Akilazwa hospitali au akienda kusoma bweni, bado anahesabiwa yupo nyumbani. Hati ya mahakama haihitajiki. Undugu unatosha, na hata kitukuu anaingia. Lakini mjukuu aliyeko Bukavu, ambaye si raia wa Marekani, haingii hata kama bibi ndiye anayelipa ada yake yote.

Kasheshe huanza mama wa mtoto anapoishi humo humo. Chukua bibi wa miaka 61 anayefanya usafi hotelini, kwa mwaka anapata dola 34,000. Binti yake anapata 19,000, na kuna mtoto wa miaka minne. Hapa wanaweza kukubaliana bibi amwandike, kwa kuwa kipato chake kinazidi cha binti. Sasa binti apate kazi nzuri zaidi, afikishe 36,000. Bibi hawezi tena, hata binti akikubali kwa moyo mweupe. Na wote wawili wakimwandika, mzazi ndiye anayeshinda.

Kwa nini sheria iwe kali hivyo? Zamani kulikuwa na maana tano tofauti za neno “mtoto” katika sheria ya kodi, kila nafuu na maana yake, hadi zilipounganishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Ukabaki mwanya. Mzazi mwenye kipato kizuri, aliyevuka kiwango cha kupata nafuu ya wafanyakazi, aliweza kumwachia mtoto bibi mwenye kipato kidogo wa nyumba hiyo hiyo, na fedha ikaingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2008 Bunge likaziba: mzazi akiwa na haki ya kumwandika mtoto lakini akaacha, mwingine anaweza kumwandika pale tu kipato chake kinapozidi cha mzazi.

Hata pale ruhusa ipo, familia ifanye hesabu kabla ya kuamua. Katika mfano wetu wa kwanza, binti mwenye 19,000 anapata nafuu ya wafanyakazi yote, dola 4,328. Bibi mwenye 34,000 anaambulia kama 2,600, kwa sababu nafuu hiyo hupungua kadiri kipato kinavyopanda. Bibi naye, kama hana mume na analipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, anapata hadhi ya mkuu wa kaya: kwa mapato ya 2025, dola 23,625 za mwanzo hazitozwi kodi, badala ya 15,750. Kwa hesabu hii, binti akimwandika mtoto familia bado inapata zaidi kidogo.

Udanganyifu nao una historia. Hadi katikati ya miaka ya 1980 ilitosha kuandika jina la mtoto. Sheria ya mwaka 1986 ikadai namba ya Social Security (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii na pensheni) ya kila mtegemezi wa miaka mitano na zaidi, na ritani za mwaka uliofuata zikawa na wategemezi pungufu karibu milioni 7. Leo, namba moja ikitumika kwenye ritani mbili, mamlaka ya kodi, IRS, huwaandikia wote wawili barua. Ushahidi inaoutaka ni rekodi za shule au hospitali, au barua rasmi ya kanisa au msikiti yenye majina, anwani na tarehe. Barua ya shangazi anayemwangalia mtoto mchana haitoshi peke yake; lazima iambatane na hati nyingine.

Wanaoumia hasa, kwa maoni yangu, ni wale wanaolea peke yao. Bibi wa miaka 72 anayeishi kwa malipo ya Social Security tu, na wajukuu wawili ambao mama yao hayupo, anatimiza kila kigezo, anawaandika, na kwa kawaida hapati kitu. Kodi hadaiwi, kwa hiyo hakuna cha kupunguza. Sehemu inayorudishwa taslimu, hadi dola 1,700 kwa mtoto, hukokotolewa kwa mshahara unaozidi dola 2,500, na pensheni haihesabiwi kuwa mshahara. Nafuu ya wafanyakazi nayo ni hivyo hivyo. Akipata kibarua cha nusu siku kwenye jiko la shule ndipo fedha hizo huanza kumfikia, na kwa anayelea mtoto nafuu ya wafanyakazi haina kikomo cha uzee.