Mradi wa darasani si kitu cha kununua sokoni

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze Uganda mwaka 2020, wazazi wengi wanadhani mradi ni mtoto kupeleka shuleni ufagio au kikapu kilichokwisha kusukwa. Sivyo. Kikapu cha kununua hakimfundishi chochote, labda bei yake.

Chukua chujio la maji, ambalo hata darasa la sita wanaliweza. Kata kitako cha chupa ya lita 1.5, igeuze, funga kitambaa mdomoni. Tia mkaa uliopondwa sentimita 5, mchanga laini 8, kokoto 4 juu. Mkaa usipooshwa, maji hutoka meusi. Mchanga ukiwa haba, tope hupita. Hapo ndipo somo lilipo, kwa hiyo mwalimu asikimbilie kurekebisha. Kila kundi libadilishe kitu kimoja tu, kwa mfano kina cha mchanga, lipime nusu lita inachukua dakika ngapi kupita, liandike. Wakibadilisha viwili, hawatajua kipi kimeleta tofauti.

Na maji hayo, hata yakiwa maangavu, bado yanaweza kuwa na vijidudu: yachemshwe kabla ya kunywewa.